Sri Lanka: nauli inauma, lakini siku za kule hazimalizi mfuko

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila msimu wa likizo unapokaribia huulizwa humu ni kisiwa gani ambacho mtu wa Afrika Mashariki mwenye kipato cha kawaida anaweza kwenda kupumzika bila kurudi na deni, na majibu huwa ni yale yale: Zanzibar kwa kuwa ni karibu, Morisi kwa ajili ya fukwe, Maldivi kwa ajili ya picha. Napenda kutetea jibu lingine ambalo wengi hulikataa mara tu wanapoona bei ya tiketi ya ndege, nalo ni Sri Lanka. Hoja yangu ni moja: unafuu wa kisiwa cha mbali haupimwi kwa nauli, hupimwa kwa gharama ya kila siku utakayolala kule, na kwa kipimo hicho ni visiwa vichache vya tropiki vinavyokishinda kisiwa hiki.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowakimbiza watu. Tuchukue mfano tu kwamba nauli ya kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam au Nairobi kupitia Doha au Dubai ni dola 700, na kwamba mtu mmoja anatumia dola 40 kwa siku kwa malazi, chakula na usafiri wa ndani. Akikaa siku 7, kila siku moja imemgharimu dola 140, na hapo kweli ni ghali. Akikaa siku 14, siku moja inashuka hadi dola 90. Akikaa siku 21, inashuka hadi dola 73 hivi, na ndege imo ndani yake. Linganisha na hoteli ya ufukweni ya Nungwi au Diani, ambako nauli ni ndogo lakini chumba hupangiwa bei kwa dola na kila mlo wa hotelini una bei ya mtalii: huko siku ya kumi ni ghali sawa na siku ya kwanza. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 mwajiriwa ana likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku 21 za kazi. Siku tunazo, tatizo ni kwamba tumezoea kuzikatakata.

Sasa swali la msingi ni kwa nini siku za Sri Lanka ni rahisi wakati za Maldivi, ambayo iko jirani kabisa, ni ghali. Nadhani jibu kubwa ni ukubwa wa kisiwa. Sri Lanka ina kilomita za mraba zipatazo 65,600, yaani Unguja takribani 39 zingeenea humo, na watu wapatao milioni 22 wanaoishi maisha yao bila kumsubiri mtalii. Wanalima mpunga wao, wanavua samaki wao, wana nazi, chai, mdalasini na mboga za milimani. Maldivi ina ardhi isiyozidi kilomita za mraba 300 hivi iliyotawanyika katika visiwa vidogo zaidi ya elfu moja, na nyanya unayokula huko huenda imepanda meli au ndege. Shelisheli nayo ina tatizo la namna hiyo hiyo. Katika kisiwa kidogo mgeni hula kilichoagizwa kutoka nje kwa ajili yake. Katika kisiwa kikubwa hula wanachokula wenyeji, hupanda basi walilopanda wao, na hulipa bei inayokaribiana na yao.

Mfano mzuri kuliko yote ni reli. Waingereza waliijenga katika karne ya 19 ili kuteremsha kahawa kutoka milimani. Ikafika mji wa Kandy mwaka 1867, na mwisho wa njia, Badulla, mwaka 1924. Kahawa yenyewe iliangamizwa na ugonjwa wa kutu ya majani ulioingia mwaka 1869, mashamba yakageuzwa kuwa ya chai, na treni ikabaki. Leo ni treni ya serikali inayobeba wanafunzi, wauza karanga na mabibi wenye vikapu, na nauli yake imepangwa kwa ajili ya hao. Njia ikiwa wazi, safari ya kutoka Kandy hadi Ella huchukua takribani saa 7 kupitia mashamba ya chai, mahandaki na stesheni ya Pattipola iliyo juu zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na tiketi ya daraja la tatu isiyo na namba ya kiti haifiki dola mbili au tatu. Karibu na Ella kuna daraja la Demodara lenye matao tisa, lililokamilika mwaka 1921 kwa mawe, matofali na saruji bila nondo. Nchi nyingine wangeitengea njia kama hiyo treni ya kifahari na kuwatoza wageni mamia ya dola. Viti vya kuhifadhi mapema huisha haraka, kwa hiyo vitafute mara vinapofunguliwa, siku 30 kabla ya safari; ukivikosa, tiketi za daraja la pili na la tatu zisizo na namba ya kiti huuzwa stesheni siku hiyo hiyo, ila jiandae kusimama. Jambo la kuangalia ni mvua kubwa, ambazo huleta maporomoko ya ardhi na kuifunga njia ya milimani, pengine kwa muda mrefu. Ulizia hali ya reli kabla hujapanga ratiba yako yote kuizunguka.

Chakula hakitamshinda mtu wa pwani. Mlo wa mchana wa kawaida ni wali unaozungukwa na dengu, mboga tatu au nne, samaki au kuku, na sambol ya nazi mbichi iliyotwangwa na pilipili, na katika mikahawa mingi ya mitaani ukimaliza mboga unaongezewa. Asubuhi kuna appa, mkate mwembamba wa unga wa mchele uliochachuliwa na tui la nazi, unaofanana tabia na vibibi vyetu isipokuwa wenyewe huumbwa kama bakuli na huvunjiwa yai katikati. Jioni utasikia kelele za mapanga mawili yakikatakata chapati juu ya bati la moto. Hiyo ni kottu, nayo ni shibe ya uhakika kwa bei ndogo. Madafu yao ni ya rangi ya chungwa, huitwa thambili, na huuzwa kando ya barabara. Nawasihi tu mchukulie kwa uzito neno la mwenyeji akisema chakula kina pilipili.

Malazi yanayofaa ni nyumba za wageni za kifamilia, ambapo mwenye nyumba ametenga vyumba viwili au vitatu na mkewe au mama yake ndiye anayepika kifungua kinywa. Chumba safi cha watu wawili cha dola 15 hadi 30 hupatikana bila shida nje ya wiki za msongamano. Bajaji ni zile zile za India tunazozijua, na katika miji mikubwa kuna programu ya simu ya PickMe inayokuonyesha bei kabla hujapanda, jambo linaloondoa nusu ya mabishano ya safari.

Penye gharama halisi ni viingilio. Huko sisi ndio wageni, na tunalipa kama mgeni anavyolipa Serengeti huku mwenyeji akilipa kidogo. Mwamba wa Sigiriya, ngome ya mfalme Kashyapa wa karne ya 5 iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 1982, hutoza mgeni dola 30 au zaidi. Mwamba unastahili bei hiyo, lakini asiyetaka kulipa anaweza kupanda mwamba wa Pidurangala ulio mkabala kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo na kuutazama Sigiriya wote mbele yake. Safari za mbuga ningezipunguza kabisa. Tembo tunao nyumbani, na kumpa dereva wa jipu fedha za siku tatu ili kuona mnyama aliyemo kwenye noti zetu ni anasa isiyo na sababu. Labda kwa chui wa hifadhi ya Yala, na hata huyo hana uhakika. Nyangumi wa buluu wanaopita karibu na Mirissa kati ya Novemba na Aprili ni habari nyingine, hao lipia.

Karibuni kwa maswali na upinzani.

#2 Mchangiaji wa Dar es Salaam

Mkuu, andiko ni zuri, lakini hesabu yako imemtazama mtu mmoja asiye na familia. Mimi nina mke na watoto wawili. Tiketi nne kwa mfano wako ni dola 2,800 kabla hatujanywa hata maji. Kwa fedha hizo nakwenda Mafia, natazama papa potwe Kilindoni, nalala Utende ndani ya hifadhi ya bahari iliyopo tangu mwaka 1995, na narudi na chenji. Aidha, Mafia nayo ni kisiwa cha mbali kwa maana yake, kwani Watanzania wengi hawajawahi kukanyaga. Kwa nini tupeleke fedha zetu nje?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, kuhusu familia ya watu wanne sina ubishi: nauli huzidishwa kwa idadi ya vichwa wakati chumba na bajaji hugawanywa, kwa hiyo kisiwa cha mbali humfaa zaidi mtu mmoja, wawili, au marafiki wenye likizo ndefu. Mwenye siku nne na watoto wadogo aende Mafia, na nitamsindikiza kwa dua.

Ila tusifananishe visivyofanana. Mafia humpa mtu bahari, na bahari yake ni bora kuliko ya Sri Lanka kwa mzamiaji. Matumbawe ya ghuba ya Chole yana uhai ambao sehemu nyingi za pwani ya kusini ya Sri Lanka zimeupoteza. Sri Lanka humpa bahari, milima yenye baridi ya kuvaa sweta, miji ya kale, misitu na reli, vyote ndani ya nchi isiyozidi kilomita 440 kutoka kaskazini hadi kusini. Mtu wa wiki tatu akibaki ufukweni tu atachoka, na aliyechoka huanza kununua burudani. Ukubwa wa kisiwa unaokoa fedha hapo pia.

#4 Mchangiaji wa Muscat

Assalaam alaikum ndugu zangu. Sisi tulioko Oman tunakwenda Sri Lanka kwa wepesi, ndege ni kama saa nne tu, na naomba kuongeza jambo kuhusu nauli ambalo mwenye uzi hakuligusa. Ndege kati ya Ghuba na Colombo hazijazwi na watalii peke yao. Hujazwa na wafanyakazi wa Kisri Lanka walioko Muscat, Dubai, Doha na Kuwait, na ndiyo maana zipo nyingi kila siku na zinashindana. Kwa hiyo kalenda ya kuitazama si ya watalii tu, bali ya hao wafanyakazi: wiki kabla ya mwaka mpya wa Kisinhala na Kitamil, unaoangukia tarehe 13 na 14 Aprili, kila mtu anarudi kwao, na nauli hupanda. Ndani ya nchi pia mabasi hujaa na maduka mengi hufungwa. Msafiri mwenye uhuru wa kuchagua aikwepe wiki hiyo.

Jambo la pili, kila siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya Mabudha, huitwa poya, na pombe haiuzwi. Kwetu si tatizo, lakini hoteli za wazungu huwa kimya siku hiyo na wakati mwingine bei ya chumba inazungumzika.

#5 Mchangiaji wa Mombasa

Naomba niseme lisilopendeza. Huu unafuu unaosifiwa umetoka wapi? Machi 2022 benki kuu yao iliiacha rupia ielee, ikaporomoka kutoka takribani 200 kwa dola hadi zaidi ya 350 ndani ya miezi michache. Aprili nchi ikasitisha kulipa madeni ya nje, watu wakapanga foleni za mafuta siku nzima, Julai Rais Gotabaya Rajapaksa akaikimbia nchi, na Septemba mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 70. Kabla ya hapo walishapigwa na mabomu ya Pasaka ya tarehe 21 Aprili 2019, kisha korona. Mimi ni mtoto wa mji wa utalii, najua maana ya mgeni kuja kusherehekea bei ambayo kwangu ni msiba. Tusije tukawa kama wale tunaowalalamikia Malindi.

#6 Mwanzisha uzi

Hoja hii ni nzito na inahitaji jibu la kweli. Sehemu ya unafuu imetokana na kuanguka kwa rupia, hilo halikanushiki, ingawa sarafu imejiimarisha tangu hapo hadi karibu 300 kwa dola, na kodi ya ongezeko la thamani imepandishwa hadi asilimia 18 tangu Januari 2024, kwa hiyo bei za leo si za mwaka ule. Lakini wali wa dengu, treni ya serikali na chumba cha nyumba ya familia vilikuwa rahisi kabla ya mgogoro, kwa sababu nilizozieleza.

Kuhusu aibu ya kusherehekea bei: nchi iliyofilisika kwa kukosa fedha za kigeni haisaidiwi na mgeni kubaki kwake. Watalii walikuwa zaidi ya milioni 2.3 mwaka 2018, wakapotea, na walipofika tena milioni 2 mwaka 2024 ilikuwa ni nafuu kwa nchi nzima. Tofauti iko kwenye mkono unaopokea. Ukilala kwa mama mwenye vyumba vitatu Galle au Haputale, fedha inabaki mtaani. Ukinunua kifurushi kilicholipiwa chote Ulaya au Dubai, sehemu kubwa haifiki kisiwani kabisa. Kwa hiyo njia ya bei nafuu ninayoitetea ndiyo pia inayomwachia mwenyeji zaidi. Na mtu asibishane na dereva wa bajaji kwa rupia 50 kana kwamba anakomboa shamba.

#7 Mchangiaji wa Mombasa

Nimekuelewa, na hapo kwenye mkono unaopokea tumekubaliana. Niongeze basi jambo ambalo linatuhusu sisi wa pwani. Upepo unaoamua msimu wa Sri Lanka ni kaskazi na kusi zetu hizi hizi. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na mwaka 1344 alikuwa Sri Lanka akipanda mlima wa Sri Pada, ambao Waislamu wanaunasibisha na unyayo wa Nabii Adam, Mabudha na wa Buddha, na Wahindu na wa Shiva. Mlima huo una mita 2,243 na ngazi zaidi ya elfu tano, na watu huupanda usiku kati ya Desemba na Mei ili wafike kileleni alfajiri. Hauna gharama ila ya magoti. Vilevile karibu na Puttalam, katika kijiji cha Sirambiyadiya, wako wazawa wa Waafrika waliopelekwa na Wareno na baadaye Waingereza kama watumwa na askari, na bado wana ngoma yao iitwayo manja. Mtalii wa Ulaya hupita bila kujua. Sisi tukipita bila kujua itakuwa ajabu.

#8 Mchangiaji wa Nairobi

Asanteni nyote kwa mjadala wa kistaarabu. Nina maswali mawili. Likizo yangu huangukia Agosti, na kila ninaposoma naona kwamba Agosti ni msimu wa mvua Sri Lanka. Je, nisahau? Pili, ningesafiri na dada yangu, sisi wawili tu bila mwanamume. Usalama ukoje?

#9 Mwanzisha uzi

Dada, Agosti usisahau, hamia upande wa pili. Hapa ndipo kaskazi na kusi alizozitaja ndugu wa Mombasa zinapokuwa na faida ya mfukoni. Kusi huleta mvua pwani ya magharibi na kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, wakati milima ya katikati inaikinga pwani ya mashariki, ambayo huwa kavu na bahari yake imetulia. Kaskazi inaposhika, mambo hugeuka: mashariki hulowa, na kusini kuanzia Desemba hadi Machi ndiko kwenye jua. Kwa hiyo kisiwa kina msimu mzuri mara mbili, na hakuna mwezi ambao bei ya msimu wa juu imeshika kila mahali. Agosti ningewashauri mteremke uwanja wa ndege wa Katunayake, mlale Negombo usiku mmoja, kisha mpande Kandy, muende Sigiriya, na mmalizie Trincomalee, ambako kuna fukwe tulivu za Uppuveli na Nilaveli. Angalieni tu tarehe za maandamano makubwa ya tembo ya Kandy, Esala Perahera, ambayo huwa Julai au Agosti kulingana na mwezi: ni ya kupendeza, lakini vyumba mjini hupanda bei mara kadhaa.

Kuhusu usalama, naomba wanawake waliosafiri wajibu wao wenyewe, maana neno langu hapo lina uzito mdogo.

#10 Mchangiaji wa Arusha

Nimekwenda na rafiki yangu wa kike, kwa hiyo nijibu. Kwa wizi na ukatili nilijisikia salama kuliko katika miji yetu mikubwa. Usumbufu wa macho, maswali na kufuatwafuatwa upo, hasa ufukweni jioni na kwenye mabasi yaliyojaa. Tulipanda treni zaidi ya mabasi, tuliagiza bajaji kwa programu ili safari iwe na kumbukumbu, na tulichagua nyumba zinazoendeshwa na mama wa familia. Beba kitenge au mtandio: mahekalu yanataka mabega na magoti yafunikwe, na usijipige picha ukiwa umeipa sanamu ya Buddha mgongo, kwani huko ni kosa linaloweza kukufikisha polisi. Nywele zetu zilivuta watu wengi, wengi wao kwa wema.

#11 Mchangiaji wa Kampala

Na viza, chanjo, pamoja na chakula cha halali?

#12 Mwanzisha uzi

Viza huombwa mtandaoni kabla ya safari, na kibali cha kawaida cha utalii ni cha siku 30. Ada na masharti vimebadilishwa mara kadhaa miaka ya karibuni, kwa hiyo soma tovuti rasmi ya idara yao ya uhamiaji na usilipe kwa tovuti za mawakala zinazojitokeza juu ya utafutaji, kwani huongeza ada yao. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano beba bila kukosa. Anayetoka Uganda au Kenya ataulizwa, na wa Tanzania asibahatishe. Malaria Shirika la Afya Duniani lilitangaza Septemba 2016 kwamba imetokomezwa huko, lakini homa ya dengu ipo, hivyo dawa ya kupaka ya mbu ni muhimu mchana pia. Halali si tabu, maana Waislamu ni karibu asilimia 10 ya wananchi, na katika Colombo, Galle, Kandy na pwani yote ya mashariki mikahawa yao iko kila mtaa. Mahali pengine agiza wali na mboga, na utakuwa umekula kizuri kuliko waliobaki.